Kazi Njo Baba, Njo Mama: Lubumbashi Iliishi kwa Shaba kwa Kiasi Gani?

Wazee waliokulia kwenye kampi, yaani makazi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, za Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, wana msemo: "Kazi njo baba, njo mama" ("njo" ni "ndiyo"). Mswahili wa Mombasa au Tabora akiusikia atadhani ni mahubiri ya bidii, kwamba mtu ategemee jasho lake. Sivyo ulivyokusudiwa. Kwa watu wa kampi, neno "kazi" likisimama peke yake lilikuwa na mwenyewe: kwanza Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini ya Wabelgiji, baadaye Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi. Baba na mama ni kampuni, iliyokupa nyumba, unga, dawa, darasa la mtoto na jeneza la mzee.

Kwa anayetafiti utegemezi wa mji kwa kiwanda kimoja, msemo huo ni ushahidi, na papo hapo ni mtego. Watu hawaiiti kampuni mzazi bure. Lakini ukiulizwa ni sehemu gani ya nguvukazi ya Lubumbashi iliyokuwa ikila kwa shaba, huwezi kujibu kwa msemo. Utafungua vitabu, utatafuta idadi ya walioandikwa kazi, utaigawa kwa idadi ya wakazi, na utapata asilimia nzuri ya kuweka kwenye jedwali. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuharibika. Orodha ya wafanyakazi wa kampuni hii humdanganya mtafiti mara mbili, na uongo wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Miaka ya neema ilionyesha utegemezi mdogo kuliko uliokuwapo. Miaka ya dhiki ikaonyesha mkubwa kuliko uliobaki.

Mji na mtambo

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini, upande wa Rhodesia, ilifika Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Mwaka uliofuata kiwanda cha kuyeyushia kando ya mto Lubumbashi kikatoa shaba yake ya kwanza. Mji na mtambo walizaliwa pamoja kama mapacha, na wakoloni wa Kibelgiji walikuwa na haraka, maana Waingereza walikuwa jirani na macho yao yalikuwa juu ya madini hayohayo.

Watu wa kufanya kazi walikuwa wachache pale. Wakaletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, kisha miaka ya 1920 kutoka Kasai, Lomami, Maniema, hata Rwanda na Urundi. Katika mchanganyiko huo ilihitajika lugha ya kuamrishana. Mwanzoni kulikuwa na Kiingereza na ule mseto wa lugha za migodini uliopanda kutoka kusini. Kampuni na serikali wakaegemea Kiswahili, na wapo wataalamu wanaoona kuwa hofu ya Waingereza ilichangia. Mtu anayezungumza Kiswahili Lubumbashi leo amerithi, kwa sehemu, uamuzi wa mwajiri. Sijui jedwali gani la takwimu lina safu ya kuandika jambo kama hilo, ila ni aina ya utegemezi.

Kosa la mtafiti: kuhesabu watu wa miji mitatu

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Namba hiyo inarukaruka kwenye maandishi mengi, na mara nyingi inatua Lubumbashi, kwa sababu makao makuu yalikuwa hapo. Lakini kampuni ilikuwa na vikundi vitatu: wa kusini, Lubumbashi pamoja na Kipushi, wa kati, Likasi na Kambove, wa magharibi, Kolwezi. Shimo kubwa la shaba lilikuwa magharibi. Lubumbashi palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia, karakana, hospitali na ofisi.

Tazama kosa hilo linavyofanya kazi. Sensa ya 1984, ambayo mpaka leo ndiyo sensa ya mwisho ya nchi nzima, iliwakuta Lubumbashi watu zaidi ya nusu milioni. Chukua, kwa mfano tu, wafanyakazi 33,000, kila mmoja na nyumba ya watu saba. Hao ni watu 231,000, zaidi ya mbili ya tano ya mji. Sasa sema theluthi moja tu ya wafanyakazi ndio walioishi Lubumbashi: 11,000 mara saba ni 77,000, kama asilimia 14. Kampuni ni ileile, mwaka uleule, na mtafiti amejikuta na asilimia 14 au 43 kulingana na jinsi alivyosoma kichwa cha jedwali. Namba hizi ni za kuonyesha tu namna mtu anavyopotea, tafadhali usizinukuu kama takwimu za mji.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina ujanja wowote: tafuta orodha kwa kituo, siyo kwa kampuni. Kumbukumbu za Union Minière zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ubelgiji, na kwa miaka ya ukoloni zina maelezo mengi kupita kiasi. Kampuni ile iliandika kila kitu, mpaka uzito wa watoto kliniki.

Upande wa chini wa sehemu, yaani idadi unayogawia, nao una mashaka yake. Nguvukazi ya mji ni nani? Zamani za mwanzo ilikuwa rahisi kujibu. Mwafrika hakuishi Elisabethville bila ruhusa, na ruhusa ilifuata mwajiri. Mji ulikuwa wa wanaume wenye mikataba. Kufikia miaka ya 1980 kulikuwa na mama wanaouza unga sokoni, mafundi cherehani, wapiga picha, wauza mkaa, walimu wa serikali, watu wa chuo kikuu. Ukihesabu wenye mshahara peke yao, kampuni inaonekana kubwa mno. Ukimhesabu kila anayehangaika, inasinyaa. Naona ni heri kutoa namba zote mbili na kusema ipi ni ipi, kuliko kuchagua ile inayofanya hadithi ipendeze.

Reli, bia, na nani ahesabiwe

Mfanyakazi wa reli hakuwa kwenye orodha ya mgodi. Je, aliishi kwa shaba? Mabehewa yaliyokwenda kusini na magharibi yalibeba madini, yakarudi na mashine, makaa na unga wa kulisha kampi. Ukiondoa shaba, reli ile ingebaki na kazi kidogo sana. Lakini mtu wa reli mwenyewe hakujiona mtoto wa mgodi. Alikuwa na kampi yake, hospitali yake, hata mpira wake: mashabiki wa FC Saint-Éloi Lupopo mpaka leo huitwa cheminots, yaani watu wa reli, na wapinzani wao TP Mazembe walianzishwa na wamishonari Wabenedikto. Miamba miwili ya soka ya mji wa mgodi, na hakuna hata mmoja uliozaliwa na mgodi. Ninapoambiwa Lubumbashi ilikuwa kampuni tupu, hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokikumbuka.

Kuna kipimo ninachokipenda zaidi kuliko vizidisho vya wachumi, zile namba za kukisia kazi moja inazaa kazi nyingine ngapi. Chukua kazi moja moja na uulize: mgodi ukifungwa kesho, ni sehemu gani ya kazi hii itabaki baada ya miaka mitatu? Dereva wa treni ya madini, karibu hakuna. Karani wa posta, nyingi. Mpishi wa bia, nusu kwa nusu, kwa sababu watu watapunguza bia wala hawataiacha, na bia ya mji huu inanywewa mbali na mji. Muuza samaki wa ziwa Mwero anayesimama nje ya geti siku ya mshahara, naye karibu hakuna, ingawa hajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ni kazi ya kuchosha, inataka kuzungumza na watu wa kila aina, lakini inaepusha kosa la kuwatia reli nzima na serikali nzima ndani ya kapu la shaba eti kwa kuwa kodi ya shaba ndiyo iliyowalipa. Kwa hoja hiyo, Kinshasa yote nayo ingeingia. Katika miaka mizuri zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi ilitoka kwa Gécamines. Ukifuata mnyororo mpaka mwisho utakuta hata mlinzi wa wizara alikula shaba, na hapo kipimo kimeshapoteza kazi yake.

Ndani ya kampi

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hesabu ya vichwa haikioni kabisa.

Mpaka katikati ya miaka ya 1920 Union Minière iliwatumia watu kwa mikataba mifupi. Walikuja, wakafanya kazi, wakarudi kwao, na wengi walifia njiani au kampini. Kuajiri wapya kila mara kulikuwa ghali. Mwishoni mwa muongo huo kampuni ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mfanyakazi aruhusiwe kuja na mke, watoto wazaliwe kampini. Mwendo huo waliuita kuwatuliza watu, "stabilisation". Ikafuata kliniki ya wajawazito, shule chini ya wamishonari, masomo ya ushoni kwa wake, na posho iliyopimwa kwa ukubwa wa familia. Mke alikuwa na posho yake, mtoto ana posho yake. Kampuni iliujua ukoo wa mfanyakazi kuliko mjomba wake alivyoujua.

Fikiria maana yake kwa utafiti. Katika mji wa kawaida, mtu mwenye mshahara hununua unga kwa mtu mwingine, hulipa kodi ya nyumba kwa mtu wa tatu, karo kwa wa nne, dawa kwa wa tano. Mwajiri akifa, hao wanne wengine wapo, na baadhi watakukopesha. Kampini wote watano walikuwa mtu mmoja. Huo ndio uongo wa kwanza wa orodha: ilionyesha kidogo kuliko ukweli. Iliandika "mfanyakazi 1". Haikuandika kwamba nyuma yake hapakuwa na mlango wa pili.

Utegemezi huo ulikuwa na ukali wake. Desemba 1941, bei za vita zikiwa juu na mishahara ikiwa palepale, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma. Tarehe 9 walikusanyika uwanja wa mpira, askari wakapiga risasi, makumi ya watu wakafa. Mtu ambaye nyumba, chakula na kitanda cha hospitali viko mkononi mwa mwajiri mmoja huwa na njia chache za kubishana naye.

Kulikuwa pia na ua. Ng'ambo ya kampi ilikuwa mitaa ya mji wenyewe: Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi. (Ndiyo, Kenya. Mgeni wa Nairobi akipanda taksi na kusikia "Kenya, Kenya, mtu mmoja" huwa anageuka.) Mtafiti mvivu atasema kampi ni shaba na mitaa ni mengineyo. Lakini nyumba ya kampi ilikuwa ya kampuni. Ukistaafu, ulifungasha. Wazee wengi wa Union Minière waliishia mitaani, wakafungua kibanda, wakapangisha chumba, na vijana wao ambao hawakuajiriwa walikaa nao, wakivuka ua kwenda kula kwa kaka aliye kampini. Unga wa posho uliouzwa mtaani ulikuwa biashara inayojulikana. Shaba ilivuja kupitia ua huo kila siku, na hakuna aliyeiandika.

Mishtuko: mahali pekee namba zinaposema kweli

Ukitaka kujua nyumba imeshikiliwa na nguzo ipi, subiri nguzo itikisike. Lubumbashi imetikiswa mara kadhaa, na kulinganisha mishtuko miwili tu kunafundisha kuliko kurasa za asilimia.

Mshtuko wa kwanza ni mdororo wa dunia. Kati ya 1930 na 1932 bei ya shaba ilianguka, Union Minière ikapunguza wafanyakazi wake Waafrika kwa zaidi ya nusu. Mji uliokuwa na utegemezi mkubwa namna ile ulipaswa kulipuka. Haukulipuka. Sehemu kubwa ya waliofukuzwa walirudishwa makwao, kwa kuwa walikuwa bado watu wa kuja na kuondoka; kijiji kilikuwapo, shamba la mama lilikuwapo. Elisabethville iliwasafirisha wasio na kazi wake kwenda kwenye hesabu za mtu mwingine. Ukisoma takwimu za mji peke yake, karibu utadhani hakuna aliyeumia.

Mshtuko wa pili ulikuja polepole. Bei ya shaba ilianguka tena baada ya Aprili 1974. Mwaka uliofuata vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kwenda bahari ya Atlantiki. Kampuni, iliyotaifishwa Januari 1967, ikawa ng'ombe wa serikali: alikamuliwa kila siku bila kupewa majani. Hata hivyo uzalishaji haukuanguka mara moja, ukafika kama tani 476,000 mwaka 1986. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto ulibomoka. 1991 askari na raia walipora mji. Kuanzia 1992, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa mamia ya maelfu, wakiwamo mafundi na makarani wengi wa Gécamines waliozaliwa hukohuko. Mwaka 1993 shaba haikufika tani 50,000, na mgodi wa Kipushi ukasimama mwaka huohuo.

Safari hii watu hawakuondoka, isipokuwa waliofukuzwa kwa nguvu. Wangekwenda wapi? Ile sera ya kuwatuliza ilikuwa imefaulu. Kizazi cha tatu cha kampi kilikuwa na jina la kijiji kwenye kitambulisho, na ndipo ulipoishia ujuzi wao wa kijiji. Mwajiri yuleyule, zao lilelile, na anguko la bei linalofanana. 1931 ulikuwa msukosuko wa kampuni, 1993 ukawa msukosuko wa mji. Kwa hiyo ninapopima utegemezi siku hizi siangalii ni wangapi walioajiriwa peke yake. Naangalia ni wangapi wenye mahali pa kurudi.

Uongo wa pili wa orodha

Twende kwenye kile kipindi ambacho wengi hukiruka kwa kuwa takwimu zake zinachosha.

Baada ya 1993 Gécamines haikuwafukuza watu. Iliacha tu kuwalipa. Mishahara ilichelewa miezi, kisha mwaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wengi walikuwa wakidai ya zaidi ya miaka miwili. Kile kilicholipwa kililiwa na mfumuko wa bei, ambao mwaka 1994 ulihesabiwa kwa maelfu ya asilimia. Lakini jina lilibaki kwenye orodha. Kampuni haikuwa na fedha za kumaliza mkataba wa mtu, na mtu hakutaka kuacha nyumba na deni lake.

Ukitumia orodha kupima utegemezi mwaka 2002, utapata wafanyakazi kama 24,000, mwajiri mkubwa kuliko wote Katanga. Ni orodha ya watu wanaolishwa na mtu mwingine. Kuna njia rahisi ya kugundua uongo huu bila hata kusafiri: gawanya tani za shaba kwa vichwa. Mwaka 1986 kila jina kwenye orodha lilibeba tani kama 14. Mwaka 1993 kama mbili. Kufikia 2003, tani zikiwa chini ya 20,000, hata moja haifiki. Tani kwa kichwa ikiporomoka hivyo, umeacha kusoma orodha ya wafanyakazi na unasoma orodha ya wadai.

Basi walikula kwa nani? Hapa sauti za watu zinashinda vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kituo cha Observatoire du Changement Urbain kilizihoji kaya za mji, na mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi ulioongozwa na wanahistoria akina Donatien Dibwe dia Mwembu ukakusanya masimulizi ya watu wa kampi. Picha inayotoka ni ya mke kushika nyumba. Yule aliyefundishwa ushoni na kampuni ili awe mama wa nyumbani sasa anauza mandazi, mafuta ya mawese kwa kipimo cha kikombe, samaki wa kukausha. Amefungua shamba la mahindi nje ya mji, kilomita nyingi kwa miguu. Mume anaamka, anavaa, anakwenda kazini kwenye mtambo uliosimama, anarudi. Watoto wanajua nani ameleta unga, na mamlaka ya baba mezani yanapungua kwa kadiri hiyo. Vijana wakaenda kuchimba kwa mikono.

Ndiyo maana dodoso la kisa kama hiki lisianze na "unafanya kazi wapi?" Mtu wa 2002 angejibu "Gécamines" bila kusita, na hangekuwa amesema uongo. Muulize unga wa wiki hii ulitoka wapi, nani alilipa karo ya muhula huu, mara ya mwisho kutibiwa mlilipa kwa kitu gani. Majibu hayo matatu yanaupa mji sura yake halisi, na mara nyingi jina la kampuni halimo hata mara moja.

Orodha ilisafishwa hatimaye kwa fedha za Benki ya Dunia. Kuanzia Agosti 2003 mpaka mapema 2004 wafanyakazi 10,655, hasa wenye miaka mingi kazini, waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Ziligawanywa kama dola milioni 43, wastani wa dola 4,000 hivi kwa mtu. Neno "hiari" linazungumzwa Lubumbashi kwa kicheko cha uchungu: mtu anayedai mishahara ya miaka, akawekewa mezani fedha pungufu ya deni, na kuambiwa asaini. Mwaka 2009 walipeleka malalamiko kwenye jopo la ukaguzi la benki yenyewe. Kwa takwimu, karibu nusu ya nguvukazi ya kampuni ilipotea ndani ya miezi saba. Kwa uchumi wa mji, kilichotokea ni kwamba fedha taslimu ziliingia kwa mara moja kwa watu waliokuwa wameshaacha kuitegemea kampuni miaka kumi nyuma. Anayechora mstari wa ajira ataona 2003 kama genge la mwamba. Mwamba ulikuwa umeshaanguka 1993.

Shaba imerudi, mji uko wapi?

Kanuni ya madini ya 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje, na shaba ikarudi kwa kishindo. Mwaka 2014 nchi ilivuka tani milioni moja, mara mbili ya kilele cha 1986. Kufikia 2022 ilikuwa imevuka milioni mbili. Mtu angetarajia Lubumbashi iwe imerudi mikononi mwa shaba kuliko wakati wowote.

Sehemu yake imerudi. Ruashi kuna mgodi, Kipushi ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024, na ule mlima mweusi wa mavi ya shaba, yaani mabaki ya kuyeyushia, kando ya dohani la zamani ulianza kuchakatwa upya mwaka 2000 ili kutolewa kobalti. Lakini uzito wa shaba umehamia magharibi, Kolwezi na Fungurume, na Kolwezi ikawa makao makuu ya mkoa wake wa Lualaba mwaka 2015. Lubumbashi, ambayo sasa inakadiriwa kupita watu milioni mbili, imebaki mji wa ofisi, wakala, mafundi wa mitambo, wanasheria, wapangishaji nyumba, na makampuni ya ukandarasi yanayopeleka vibarua migodini kwa mikataba mifupi. Mwajiri kwenye kitambulisho cha kazi si yule anayeuza shaba. Orodha moja imevunjika kuwa mamia, na hakuna inayogawa unga.

Kuna na uvujaji mwingine, mkubwa kuliko ule wa ua wa kampi. Zamani shaba ilisafiri kwa reli, na mtu wa reli aliishi Lubumbashi. Leo sehemu kubwa husafiri kwa lori, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, mpaka bandari ya Dar es Salaam. Dereva nyumbani kwake ni Mbeya au Kibaha; tandiboi wake, mama lishe wa Tunduma, fundi matairi wa Chalinze, wakala wa forodha wa Kurasini, wote wana sehemu ya mshahara wao ndani ya mabamba yale ya shaba yaliyofungwa kwa turubai. Kipimo cha "mgodi ukifungwa kesho" kinawakamata hao kabla ya kumkamata mwalimu wa Katuba. Anayetaka kuhesabu leo nguvukazi inayoishi kwa shaba ya Katanga aanzie Kasumbalesa, kwenye foleni, aulize kila dereva unga wa nyumbani kwake unanunuliwa mji gani.